Khanga ya pamba au ya polista?
Wadada mnaonunua khanga, pamba na polista hazilingani hata kidogo. Pamba ni mmea, hapa kwetu inalimwa sana Simiyu na Shinyanga, inakunywa jasho vizuri na ukiifua inazidi kulainika, ndo maana mtoto ukimbeba nayo mgongoni joto la Dar halimtesi sana. Polista inatengenezwa kutokana na mafuta ghafi, jasho hainywi inanata tu mwilini, ila haikunjamani na inakauka chap. Muuzaji akikwambia zote pamba omba uzi mmoja uchome, pamba inanuka kama karatasi inaacha jivu laini, polista inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Mi sare ya shughuli polista sawa, ya mtoto mchanga pamba tupu.