Zanzibar kutoka Kisumu: uliza habari za maji kabla ya kitanda

Lalamiko la msomaji mmoja wa mtaa wetu wa Mamboleo ndilo lililoniwasha. Alipeleka familia Jambiani, mashariki mwa Unguja, hoteli safi, chakula kizuri, lakini kila wakishuka ufuoni asubuhi wanakuta bahari imekwenda zake. Mchanga, matope, vigingi vya akina mama wanaolima mwani, na maji yanametameta huko mbali. Ajenti aliyemuuzia safari, hapa hapa mjini, hakumwambia lolote.

Sisi watu wa ziwa jambo hili hutupita. Pale Dunga, ufuoni kwetu, maji ya asubuhi ndiyo ya jioni, labda gugu maji liwe limeyafunika. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na mashariki mwa Unguja, ambako ufuo ni tambarare mpaka kwenye mwamba, maji yanaweza kukimbia hata kilomita nzima. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi, yaani mmeshakunywa chai na watoto wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyohiyo maji huwa yamejaa. Kwa hiyo angalia kalenda ya mwezi kwanza, ndipo uombe likizo. Mambo ya televisheni na mashuka leo siyagusi.

Kwangu namba moja ni Kendwa, na sifichi kwamba napendelea hoteli ya Kendwa Rocks. Huku kaskazini magharibi ufuo unashuka haraka, unaogelea saa yoyote utakayo. Wana sherehe ya mwezi mpevu, Jumamosi inayoukaribia, na muziki si wa kunong'ona. Mwenye mtoto mchanga aikwepe wikendi hiyo.

Nungwi inafuata, ila uliza hoteli iko upande gani wa rasi. Magharibi maji hubaki. Mashariki yanapwa kama Jambiani tu. Mafundi bado wanaunda majahazi pale ufuoni, inapendeza kutazama. Mapapasi watakusumbua, wanataka kukuuzia kila kitu.

Paje ni ya wanaopeperushwa na tiara majini. Maji mafupi na upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, ndivyo wanavyovifuata. Wewe unayetaka kuogelea unafuata nini? Michamvi nenda kwa chakula cha mchana The Rock, mgahawa ulio juu ya mwamba: maji yakiwa yamepwa unafika kwa miguu, yakijaa unarudi kwa mashua.

Gesti za Mji Mkongwe ni nafuu, lakini ufuo wa maana hauko.

Sasa hawa mawakala wetu. Picha zote zimepigwa maji yamejaa. Bei ni kwa dola, halafu dola yenyewe wanaikokotoa wanavyojua wao, na sisi mishahara ni ya shilingi. "Kwa kila mtu" maana yake mkiwa wawili chumbani. Ukienda peke yako unaongezewa. Safari "ya ndege" inaanzia Nairobi, kutoka Kisumu utajijua. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania inakidai kwa anayetoka Kenya, unakisikia uwanjani. Na bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, hoteli zinazoitoa zipo, lakini ajenti haitaji mpaka umuulize. Muulize mbele ya watu.