Mikindani au Ghuba ya Mnazi?

Uko Mtwara na unachagua ghuba ya kwenda kutembea? Kwa nauli, Mikindani haina mpinzani: kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, lami mwanzo mwisho. Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, ni mbali zaidi, kuna mchanga njiani, na ukiingia hifadhini unalipa kiingilio.

Kwa viumbe wa bahari, Mnazi iko juu. Mkondo wa bahari kutoka mashariki hugonga pwani ya kusini huku na kugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini na mayai ya samaki na matumbawe. Ongeza mikoko ya mdomo wa Ruvuma, utaelewa kwa nini eneo lilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 2000.

Mikindani ni ghuba iliyojifunga, maji yametulia. Maji ya bamvua (yale yanayojaa na kutoka sana) yakitoka, tope linabaki wazi, kaa wanachungulia mashimoni na kina mama wanaokota kombe. Kuogelea saa hizo, sahau.

Una watoto na nusu siku tu? Mikindani, lakini ulizia maji kujaa. Una miwani ya kuzamia na siku nzima? Msimbati.