Nusu siku mjini Tlemcen katika nyayo za Yaghmurasen

Ziara ya kuongozwa niliyoifanya Tlemcen, magharibi mwa Algeria, ilianzia Agadir, mtaa wa kale wa mji huo (si Agadir ya Morocco), na kuishia kwenye magofu ya Mansourah, na kwa saa nne hivi ilimhusu mtu mmoja tu: Yaghmurasen ibn Zyan, Mberberi wa kundi la Zenata aliyeutawala mji huo kuanzia 1236 hadi 1283. Ninaipendekeza kwa moyo wote, ingawa lipo jambo zito ambalo waandaaji wanapaswa kulirekebisha.

Kilichonigusa zaidi ni mnara wa Agadir. Msikiti wake haupo tena, lakini mnara umesimama, na mwongozaji alituita tusogee tuyatazame mawe ya chini, yaliyochongwa enzi za Warumi, ambayo baadhi yake bado yana herufi za Kilatini. Juu yake ndipo yanapoanza matofali ya Yaghmurasen. Masimulizi husema kwamba alipoombwa jina lake liandikwe kwenye mnara aliojenga, alijibu kwa Kizenata kuwa Mungu anajua. Kundi zima lilinyamaza.

Kasoro ni kwamba tulichorewa shujaa asiyemwinamia mtu, ilhali mwaka 1242 Abu Zakariya, mtawala wa Kihafsi wa Tunis, aliuteka mji huu, Yaghmurasen akakimbia, kisha akarejea kwenye kiti chake baada ya kukubali kuwa chini ya Tunis, katika mapatano ambayo mama yake mwenyewe aliyashughulikia. Mwaka 1248 al-Said, khalifa wa Waalmohadi, nasaba iliyotawala kutoka Marrakesh huko Morocco, alitoka Marrakesh kuja kumtiisha, naye akauawa kusini mwa Oujda. Hata hivyo, Wamarini wa Fez, nasaba iliyokuja kuchukua nafasi ya Waalmohadi huko Morocco, walipozidi kupata nguvu, Yaghmurasen huyohuyo aliwaunga mkono Waalmohadi waliosalia, akashindwa vitani na kumpoteza mwanawe, na mwaka 1269 Marrakesh ikaanguka. Uzeeni alishikana mkono na Granada, dola ya Kiislamu ya Hispania, hata na Wakristo wa Castilla huko huko, ili tu Wamarini wasipate nafasi ya kumgeukia. Kwangu mimi, ustadi wake wote umo humo, katika kujua lini ainame na kwa nani, na mgeni aliyelipia ziara anastahili kuelezwa hivyo bila kupakwa rangi.

Kasri la Mechouar tulilipita haraka, na sikujutia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachoonekana ni ujenzi mpya. Mansourah ndiko mwongozaji alikong'ara tena. Chini ya mnara uliobaki nusu, katika mji ambao Wamarini waliujenga ili kuizingira Tlemcen kuanzia 1299 hadi 1307, alitueleza wosia wa Yaghmurasen kwa mwanawe Uthman: asikabiliane na Wamarini uwandani, bali ajikinge nyuma ya kuta. Kisha akatuonyesha kwa kidole upande zilikokuwa kuta hizo, na jinsi adui alivyokuwa karibu.

Maelezo hutolewa kwa Kiarabu na Kifaransa. Vaeni viatu imara, na ombeni mapema muongezewe muda Agadir.