Sauna ya infraredi au chumba cha mvuke? Mimi nimeshachagua

Wauzaji wa infraredi, yaani sauna inayopasha mwili kwa paneli za mionzi ya joto, watakwambia ni sauna ile ile, ila imeboreshwa. Msiwasikize. Ni kitu kingine kabisa, na ukiingia ukitarajia mvuke utatoka umenuna.

Mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi Nairobi, na baridi ya Julai huku haina adabu. Kadi yangu ya jimu naitumia zaidi kwa chumba cha mvuke kuliko kwa vyuma. Infraredi nimeifuata kwenye spa moja ya mtaani, kwa bei inayokaribia mara mbili.

Huko unawekwa kwenye kijumba cha mbao chenye mlango wa kioo na paneli ukutani. Mawe hakuna, ukungu hakuna. Kipimajoto kinasoma nyuzi 50 na kitu, na mwanzoni unajiuliza kama wamewasha kweli. Paneli hazishughuliki sana na hewa. Mionzi yake inapasha ngozi moja kwa moja, kama jua la saa nne asubuhi linavyokuchoma mgongo huku upepo ukiwa wa baridi. Baada ya robo saa hivi jasho linafunguka, na linatoka kwa wingi. Shida ni kwamba upande usioangalia paneli unabaki nyuma. Mgongo wangu ulikuwa umelegea vizuri, miguu bado inataka soksi.

Chumba cha mvuke kina nyuzi 45 hivi, yaani joto la chini zaidi, lakini dakika kumi zinatosha kukutoa mbio. Hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na lisipokauka mwili hauna namna ya kujipoza. Mengi yanayokutiririka hata si jasho lako, ni mvuke uliogeuka maji ulipogusa ngozi. Shoga zangu wanaojisifu kwamba wamemwaga lita nzima wapunguze kidogo.

Ila kwa pua iliyoziba sijaona mfano wake. Jimu yetu hutia mafuta ya mkaratusi, na harufu ile inanirudisha moja kwa moja chini ya blanketi la mama, sufuria ya majani inafuka, nikifukizwa mafua. Tena kuna soga. Akina mama wa pale wanajua bei ya kila kiwanja Kitengela. Kwenye infraredi unakaa peke yako na muziki wa filimbi.

Infraredi inashinda kwenye nywele, hilo nakiri. Ukitoka saluni kunyoosha, usithubutu kuingia kwenye mvuke. Kwa infraredi unajifunga leso na unatoka salama. Na kama una pumzi fupi inayokataa hewa nzito, utaivumilia zaidi.

Kilichoniudhi ni tangazo ukutani kwamba sauna inalinda moyo, "kwa mujibu wa utafiti wa Ufini". Utafiti maarufu wa huko upo, ulichapishwa 2015: wanaume 2,315 wa eneo la Kuopio walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, na walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara moja. Lakini hiyo ni sauna ya Kifini, ya kumwagia maji kwenye mawe ya moto, nyuzi 80 hivi. Si infraredi, wala si mvuke wetu wa vigae. Infraredi ina tafiti zake, hasa za Wajapani wanaowakalisha wagonjwa wa moyo kwa nyuzi 60 dakika 15, kisha kuwafunika blanketi nusu saa, daktari akiwa karibu. Spa yetu ina mapokezi na mshumaa.

Kuhusu "kutoa sumu": jasho ni maji na chumvi. Kazi hiyo ina wenyewe, maini na figo.

Basi pesa yangu inabaki kwenye mvuke, na infraredi nitaiendea nikiwa na nywele mpya au mgongo ukinisumbua, maana ulilala vizuri usiku ule, ingawa kesho yake maumivu yalirudi. Wenye mimba na wanaotumia dawa za presha waulize daktari kwanza, iwe ni ipi. Na kabla hujalipia infraredi, fungua mlango uangalie kama kuna paneli usawa wa miguu. Kama hazipo, omba bei ipunguzwe.