Tahadhari: anayeuza "askari wa 54 mm wa mzungu wa Karen" hana askari hao

Wadau wa michezo ya vita vya mezani hapa Nairobi, shikeni mifuko. Kuna jamaa anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za kuuziana vitu akitangaza masanduku ya askari wa plastiki wa skeli kubwa, kimo cha milimita 54, "tayari kwa skamishi", yaani mapambano madogo ya askari wachache. Wenzetu kadhaa wameshamtumia pesa na sijasikia hata mmoja aliyepata alicholipia. Kifurushi kimoja kilifunguliwa mezani kwangu, kwa hiyo mengi ninayoandika nimeyaona kwa macho.

Jina lake siliandiki. Si lake hata, na halidumu: leo picha ya wasifu ni gari, kesho ni aya ya Zaburi. Namba nazo anazibadilisha. Mtamjua kwa hadithi yake, maana hiyo haibadilishi. "Bosi, mzungu wangu wa Karen anahama, mtoto amekua, anatoa kila kitu." Sanduku moja 4,500, ukichukua mawili anakufanyia elfu nane. Ukinyamaza dakika kumi anakuambia kuna mtu wa Lavington ameshaitisha, lakini yeye angependa vitu viende kwa mtu anayevithamini.

Picha zenyewe ni nzuri mno. Askari wamepakwa rangi kwa mkono, wamepangwa juu ya meza ya mbao, mwanga safi wa dirishani. Sasa angalieni chini ya hilo dirisha. Kuna hita ya chuma ya mabomba, ile inayofungwa ukutani katika nchi za theluji. Karen kuna baridi ya Julai, sikatai, lakini huko watu huwasha kuni. Picha zimechotwa kwa mtu mwingine ng'ambo ambaye pengine hajui lolote.

Kilichofika kwangu kilikuwa sanduku la kadibodi lenye picha iliyochapishwa kwa karatasi ya kawaida na kubandikwa juu kwa gundi, moja ya kona ikiwa tayari imeinuka. Ndani, mfuko wa nailoni wenye askari wadogo wa kijani na kijivu wamechanganywa, wengine bado na vipande vya fremu ya plastiki walimomiminiwa miguuni. Nilimsimamisha mmoja kando ya sarafu ya shilingi ishirini. Sarafu ilimpita kichwa.

Aliyenunua alipompigia kulalamika, jibu lilikuja bila aibu: "Bosi, soma sanduku. Imeandikwa 1/72. Wewe uliitisha 1/32, mimi nimekupea kubwa zaidi." Ndiyo, ana ujasiri wa kusema hivyo, na ukweli ni kwamba maneno hayo yamewanyamazisha watu wapya. Namba ya skeli ni ya kugawanya. Mtu wa mita 1.75 ukimgawanya kwa 32 unapata milimita 54 na ushei. Kwa 35, skeli ya vikosi vingi vya kampuni ya Tamiya, unapata 50, na huyo anaweza kucheza na wa 54 bila watu kulalamika sana. Kwa 72 unapata 24. Namba ikipanda, askari anashuka. Na msidanganyike na jina la seti pekee: kampuni ya Airfix, kwa mfano, wametoa askari wa vikosi vilevile kwa 1/32 na kwa 1/72, kwa hiyo kusoma "Paratroops" kwenye tangazo hakukuambii kimo cha mtu aliye ndani.

Kuna aliyeniuliza kwani ubaya uko wapi, si askari ni askari. Kwenye skamishi kila askari ni mtu mmoja anayehesabika: ana zamu yake, silaha yake, na kabla hajafyatua unainama uangalie kutoka usawa wa macho yake kama adui anaonekana. Kuta zetu tumezikata kutoka kadibodi la friji kwa kimo cha sentimita tatu na nusu, ili wa 54 aegemeze bunduki juu. Huyu wa 24 akisimama nyuma ya ukuta huo haoni wala haonekani. Ni kama amekwenda likizo. Vipimo vya mwendo navyo tumeviongeza mara mbili kwa sababu kanuni tulizo nazo ziliandikwa kwa askari wa milimita 28. Meza nzima imejengwa kwa kimo kimoja. Sina neno na 1/72, kuna watu wanaweka jeshi zima juu ya meza ya kahawa na inapendeza. Lakini ziuzwe kama 1/72, kwa bei ya 1/72.

Kipimo kimoja kinatosha kumfunga mdomo. Kadi ya ATM upande wake mfupi ni milimita 54, duniani kote. Mwambie muuzaji amsimamishe askari kando ya kadi, ilale kwa upande mrefu, uso wa kadi ukielekea ukutani ili asije akatuma picha ya namba za mtu, na pembeni aweke karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako kwa kalamu. Hata kadi ya pointi za supamaketi ni saizi hiyohiyo, hana kisingizio. Askari wa kweli wa 54 atafika ukingoni au karibu na hapo, kofia ikipita kidogo si shida. Huyu jamaa akiombwa hivyo simu yake huishiwa chaji. Kila mara.

Ana tawi la pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linawalenga wazee wanaokusanya. Anadai ana askari wa risasi (ile metali, lead) wa Britains, kampuni ya Uingereza ya askari wa kuchezea, seti ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la huku kwetu, "za kabla ya uhuru". Britains walitengeneza kweli askari wa KAR, na kwa mkusanyaji wa hapa kwetu seti hiyo ina uzito wa pekee. Huwezi kupita Kenyatta Avenue ukaona yale masanamu ya askari usiielewe hamu hiyo. Basi jueni hivi: tangu 1893 kampuni hiyo ilimimina askari wakiwa wazi ndani, na mara nyingi utakuta kitundu kidogo ambapo hewa ilitokea. Anazouza huyu, kwa maelezo ya mzee mmoja aliyemshika mmoja mkononi, ni nzito, zimejaa ndani, na rangi inang'aa kama ya jana. Uingereza waliacha kutengeneza wanasesere wa risasi katika miaka ya 1960, kwa hiyo kitu cha zamani hicho lazima kiwe na makovu. Na hata ukipata za kweli, usizipige msasa, nawa mikono, na watoto wakae mbali. Risasi ni sumu.

Kuhusu pesa. Hakutani na mtu. Leo yuko Nakuru, kesho Eldoret, mzigo unatoka ofisi ya vifurushi River Road na unalipa kabla ya kufungua. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo halijawahi kufanana na lake. Mara ni duka la simu, mara ni mwanamke, na maelezo ni yaleyale, "hiyo ni till ya dadangu". Hapo ndipo pa kubonyeza kughairi. Kutuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa irudishwe kunasaidia kama bado iko kwa mpokeaji, na yeye huitoa mara moja. Wanaomuuzia nao wajihadhari, kwani hujifanya mnunuzi vilevile: anatuma ujumbe wa M-Pesa wa kujitungia kutoka namba ya kawaida, na mtu wa boda ameshafika mlangoni kuchukua mzigo. Angalia salio lako mwenyewe kwa *334# kwanza. Na tafadhali msimtukane yule wa boda, ametumwa tu.

Aliyelizwa asifute mazungumzo. Piga picha za skrini mapema, maana anafuta ujumbe wake pande zote mbili. Namba iripoti kwa Safaricom kupitia 333, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe upate namba ya OB, kile kitabu cha matukio. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hata kama ni elfu nne tu. Malalamiko mengi yakielekeza kwa namba moja, polisi wana pa kuanzia.

Kwa anayeanza na anayetamani askari wakubwa bila maumivu haya: mifuko ya askari wa plastiki ya Kamukunji ni bei ya chini, unaipima ukiwa umesimama dukani, na wengi humo wanakaribia 54. Chakura pia Toi na Gikomba kwenye mafungu ya vinyago. Plastiki laini ioshe kwa sabuni ya vyombo kabla ya rangi, la sivyo rangi itabanduka mchezo wa kwanza.

NYONGEZA: Amerudi jioni hii na jina jipya. Sasa anauza "vifaru vya 1/32 vya mzungu wa Runda". Dirisha ni lilelile, hita iko palepale.