Kuongea na simu garini bila kuishika: kipi ununue Arusha, kipi ukiache dukani

Kama gari lako ni IST, Passo au Noah iliyotoka Japani, kabla ya kununua chochote washa redio uone FM inaishia wapi. Nyingi zinaishia 90, maana Japani masafa yao yanaanzia 76. Mimi sikuangalia. Nilinunua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachorusha sauti ya simu kwenye FM. Muuzaji alikiweka 98.5. Nazungusha redio, ikifika 90 inarudi 76! Nikabaki na nafasi ya 87.5 hadi 90 tu, na ukiipata iliyo tupu mjini, ukikaribia Usa River stesheni nyingine inaipanda. Kwangu hicho kinashika mkia.

Namba moja ni spika ndogo ya Bluetooth ya kubana kwenye kikinga jua. Ina maiki yake na sauti yake, redio ya gari haihusiki, na kesho unahama nayo kwenye gari la shemeji. Mwenye simu mbili aulize kama inashika zote kwa pamoja. Ukiegesha juani, itoe.

Namba mbili ni redio ya skrini, kama gari huliuzi karibuni. Mwambie fundi asiiache maiki nyuma ya dashibodi, utaambiwa unaongelea ndani ya pipa. Aivute mpaka kwenye nguzo ya kioo, upande wa dereva.

Kipokezi cha AUX, yaani kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye tundu la waya wa sauti kwenye redio, ni cha tatu. Muziki safi, ila ukikichaji kwenye gari mara nyingine kinaleta mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta.

Upande wa simu, iwe Tecno, Samsung au iPhone, kuunganika zitaunganika. Ila ndani ya Bluetooth muziki una njia yake na maongezi yana yake. Kuna redio za zamani zinazopokea simu bila kucheza wimbo, na kuna vidude vinavyocheza wimbo vizuri, simu ikiingia sauti inarudi mkononi. Gusa jina la kifaa kwenye mipangilio uone kama sehemu ya simu imewashwa. Kitochi nacho kijaribu kwanza, vingine Bluetooth yake ni ya kutumiana picha tu.

Kwa hiyo usijaribu kwa wimbo. Washa injini, teremsha kioo, mpigie mtu wa nyumbani umuulize anakusikiaje. Muuzaji akikuambia "itakubali tu, kaka", mwambie ikubali hapo hapo kabla hujatoa hela.