Kapsuli za bergamoti za kolestro, soma lebo kwanza ndo utoe hela

Hizi kapsuli tumemnunulia baba mdogo, kolestro yake iko juu na dawa za hospitali anazo tayari. Kopo bei yake inauma kweli, na kwenye lebo wameandika tu "bergamoti 1000 mg" basi, hamna kingine. Hapo ndo penye tatizo langu kubwa. Hiyo 1000 ni uzito wa unga wote, na kinachotafutwa humo ni flavonoidi, yaani viambata vya asili vya hilo tunda, sasa flavonoidi ngapi? Nimempigia muuzaji hajui. Kuna utafiti wa Italia waliwapa watu 80 flavonoidi 150 mg kwa siku miezi 6 na LDL, ile kolestro mbaya, ikashuka vizuri, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha nao, kwa hiyo hata huo usiushike kama msahafu.

Tunda lenyewe ni uzao wa danzi na limau, linalimwa zaidi Calabria kule kusini mwa Italia na kwa miaka mingi walikuwa wanalitaka ganda tu, wakamue mafuta ya manukato na ya kutia harufu ile chai ya Earl Grey, juisi ni chungu ikawa mzigo wa kumwaga. Kumbe kwenye hiyo juisi na makapi yake kumejaa flavonoidi kama naringini, neoeriositrini na neohesperidini, tena kuna brutieridini na melitidini ambazo umbo lake lina kipande kinachofanana na cha statini, zile dawa za hospitali za kushusha kolestro, ndo watu wakaanza kuyachunguza makapi kwa ajili ya kolestro. Hilo mimi nalipenda sana, kitu cha kutupwa kikapata kazi.

Baba mdogo tumbo halijamsumbua. LDL yake imeshuka kidogo lakini jamani ameacha na chipsi na dawa anameza kila usiku, siwezi kuzipa kapsuli sifa zote. Na tafadhali usimwachishe mzee statini eti kapata kitu cha asili, halafu dokta aone kopo kabla hajaanza, maana balungi ambalo ni la ukoo huohuo linajulikana kufanya statini kama simvastatini na atorvastatini zizidi mwilini.

Likiisha kopo hili natafuta la kampuni inayoandika flavonoidi kwa kila kapsuli hata kama bei imezidi. Hili nalipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili za tunda, lebo haijapata kitu.